Jina Lililo Mgongoni

Wapenzi jamaa zangu, mlio Maskati na Dubai, mlio London na Toronto, na nyinyi mliobaki Mombasa mkiishika nyumba ya wazee,

Nilipoanza kuiandika nasaba yetu katika ukurasa huu, niliweka mstari mmoja kumhusu marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mstari wenyewe ulisema: "Ujanani mwake alikuwa karani katika klabu ya Wazungu, kisha akawa karani wa bandari." Nusu ya pili ni kweli. Nusu ya kwanza si kweli, nami nilijua kuwa si kweli nilipokuwa naiandika. Leo nataka kuusahihisha mstari huo, na ili mfahamu kilichonizindua, sina budi kuwasimulia safari niliyoifanya mwezi wa Aprili 2025 kwenda kutazama gofu huko Augusta, katika jimbo la Georgia, Marekani.

Najua wengi wenu mtacheka. Mimi ni mtu wa daftari na mihuri, sijapata kushika fimbo ya gofu maishani mwangu. Mpenzi wa mchezo huu ni mume wa binti yangu, ambaye wanakaa Atlanta. Kila mwaka mashindano makubwa ya Masters huchezwa katika klabu ya Augusta National, na kabla ya mashindano huwa na siku za mazoezi ambazo tikiti zake hutolewa kwa kura. Mkwe wangu ameomba miaka mingi akiambulia patupu. Safari hii kura ilimwangukia: tikiti mbili za Jumanne, dola 100 kila moja. Binti yangu akamwambia, "Mchukue baba." Wote wawili walidhani nimekubali kwa ajili ya kuwaridhisha. Sivyo. Nilikubali kwa sababu uwanja ule nilikuwa nimekwisha kuuona mara moja, usiku mmoja, nikiwa na baba.

Usiku huo ulikuwa wa kuamkia Aprili 14, 1997. Baba alikuwa amekuja kukaa kwangu Maskati kwa matibabu ya moyo. Niliamka yapata saa tisa za usiku, nikaona mwanga sebuleni. Nikamkuta mzee ameketi mbele ya televisheni, sauti ameizima, tasbihi i mkononi. Katika kioo, kijana mweusi mwenye fulana nyekundu alikuwa anapanda kilima katikati ya umati. Alikuwa Tiger Woods, umri wake miaka 21, akimalizia ushindi wa tofauti ya mapigo 12, mtu mweusi wa kwanza kuyashinda mashindano yale.

"Baba, hujalala?" nikamwuliza.

"Keti," akasema. "Usimtazame huyo. Mtazame yule mwenye nguo nyeupe anayemfuata."

Aliyemfuata alikuwa kedi wake, yaani mbeba mkoba wa fimbo, Mzungu mwenye masharubu makubwa.

"Mzungu anambebea mtoto mweusi mkoba," akasema baba. "Alhamdulillahi, nimeishi hata nikayaona haya." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Na mimi nilibeba."

Nilikuwa na umri wa karibu miaka arubaini, na sikuwa nimepata kulisikia neno hilo. Akanisimulia. Babu yetu alifariki baba akiwa na miaka 11. Shamba la minazi lilikuwa rehani na halikukomboleka. Nyumba ya Kibokoni ilibaki, na mlango wake wa nakshi ulibaki, lakini jiko halikuwaka kila siku, na bibi alikuwa akifunga mlango mapema ili majirani wasijue. Katika nyumba hiyo alikuwapo kijana aliyempita baba kwa miaka mitano hivi. Bibi yake kijana huyo alikuwa mjakazi wa wazee wetu hadi utumwa ulipokomeshwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, na watu wake waliendelea kukaa uani kwetu. Tuliwaita wazalia. Kijana huyo alikuwa tayari anakwenda kubeba mikoba ya gofu kule Kizingo, katika uwanja ulio juu ya majabali, karibu na mnara wa taa, ambapo Wazungu walikuwa wakicheza na bahari ikivuma chini yao. Ulikuwa wakati wa vita vikuu vya pili. Tangu mwaka 1942 manowari za Kiingereza zilijaa Kilindini, na maofisa wake walihitaji wabebaji.

Baba alimfuata kwa siri. Yule kijana alimfundisha asisimame mahali ambapo kivuli chake kitaangukia njia ya mpira. Alimfundisha asiitikise mikoba wakati bwana anapopiga, na asiondoe macho kwenye mpira mpaka autambue ulipolala, kwani mpira ukipotea, ujira hupungua. Kila walipopewa mikoba miwili, mzito aliuchukua yeye. Pesa waligawana sawa kwa sawa, wakizihesabu chini ya mibuyu kabla ya kurejea mjini. Baba alifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka minne. Chakula kilipikwa nyumbani kwa pesa hizo, na bibi hakuuliza zinatoka wapi.

Baadaye bandari iliajiri vijana wa kuhesabu mizigo. Baba alikuwa anajua kusoma na kuandika, akapata. Mwenzake hakupata, kwa kuwa hakusomeshwa. Baba alipofika hapo aliitazama televisheni, ambayo sasa ilikuwa inaonyesha matangazo ya biashara, akasema, "Na waliopaswa kumsomesha ni sisi."

Mwaka uliofuata baba alifariki. Mwaka 2011 nilipostaafu na kuanza kazi hii ya nasaba, niliyekuwa naye wa kumwuliza ni shangazi, dada yake baba, aliyekuwa hazina ya habari zetu zote. Nilipomtajia Kizingo alikasirika kuliko nilivyopata kumwona. "Mtoto wa nyumba hii hakubeba mzigo wa mtu," alisema. "Andika karani." Kisha akanipigia methali aliyoipenda: mwacha asili ni mtumwa. Nami nikaandika karani. Shangazi sasa amekwenda mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amsamehe na atusamehe, na mimi sina tena wa kumsingizia.

Tuliondoka Atlanta baada ya sala ya alfajiri, mwendo wa kiasi cha saa mbili na nusu kwa gari. Barabara inayopita mbele ya klabu ni barabara kama zote: vituo vya petroli, mikahawa ya vyakula vya haraka, maduka. Nyuma ya ua mrefu wa miti huoni kitu. Klabu yenyewe ni ya faragha. Wanachama wake ni wachache, na mtu haombi kuingia, huitwa. Ile njia mashuhuri yenye minyogolia 61, iliyopandwa katikati ya karne ya kumi na tisa, si ya watu kama sisi. Mtazamaji huingia kwa lango jingine, na kabla ya kuingia huacha simu yake garini, kwani simu ni marufuku. Ndani kuna simu za waya, za bure, kwa mwenye haja. Mkwe wangu akanambia, "Baba, tukipoteana piga simu nyumbani." Nikagundua kuwa nambari ya binti yangu siijui kwa moyo. Nambari pekee niliyoihifadhi ni ya nyumba ya Kibokoni, ambayo ilikatwa zamani.

Nakiri kuwa mahali pale ni pazuri ajabu. Televisheni hulifanya kila jambo kuwa bapa. Haionyeshi milima ile. Kutoka shimo la kumi njia ya majani huteremka kama ngazi, na shimo la kumi na nane hupandishwa mpaka mtu wa umri wangu akatafuta pa kushika. Jumatatu mvua ilikuwa imenyesha hata watazamaji wakatolewa nje, lakini Jumanne jua liliwaka, na majani yalikuwa yamekauka kana kwamba mtu ameyapangusa kwa kitambaa. Mkwe wangu alinionyesha mapengo mahali palipokuwa na misonobari mirefu kabla ya kimbunga Helene cha Septemba 2024. Nisingeyatambua. Palipoanguka mti hapakuwa na shina wala shimo, bali majani tu, yamekatwa sawasawa.

Kila shimo limepewa jina la mmea, kwa sababu kabla ya Bobby Jones na Clifford Roberts kuanzisha klabu, ardhi ile ilikuwa bustani ya kuzalishia miche, mali ya jamaa waliotoka Ubelgiji. Kabla ya hapo palikuwa shamba la nili. Nyumba kuu ya klabu, nyeupe yenye roshani pande zote, ilijengwa na mwenye shamba mwaka 1854. Georgia ya mwaka huo ilikuwa nchi ya utumwa. Niliitazama roshani ile kwa muda mrefu. Sisi watu wa nyumba kubwa huijua roshani tunapoiona.

Adabu ya pale ni kali lakini si ya kuudhi. Kukimbia hakuruhusiwi. Ukiweka kiti chako cha kukunja mahali, ukaenda zako saa tatu, utakirudia hapo hapo, hapana atakayekigusa. Watazamaji hawaitwi watazamaji. Huitwa kwa jina la heshima lenye maana ya wafadhili. Chakula ni rahisi hata ukadhani wamekosea: mkate wa yai kwa dola moja na nusu, na mkate wa jibini iliyochanganywa na pilipili tamu kwa bei hiyo hiyo. Baada ya kuhakikisha kuwa hamna nyama ya nguruwe, nilikula miwili, nikaona raha ya kuwa mgeni mahali ambapo kila kitu kimetayarishwa kabla yako.

Lakini macho yangu, kama baba alivyonifunza, yalikuwa kwa makedi. Wote huvaa ovaroli nyeupe, kofia ya kijani, na mgongoni limeandikwa jina kwa herufi kubwa. Mwanzo nilidhani ni majina yao. Mkwe wangu akacheka kwa adabu: "La, baba. Hilo ni jina la mchezaji anayembebea." Nikamtazama mmoja akipita mbele yetu ameinama chini ya mkoba, jina la mtu mwingine limelala juu ya mabega yake, nikahisi kitu kifuani ambacho sikuweza kumweleza kijana wakati ule.

Saa sita hivi tulifika shimo la kumi na sita, lenye ziwa dogo mbele yake. Siku za mazoezi kuna desturi pale: mchezaji akishapiga mpira wake wa kawaida, umati humpigia kelele aupige mwingine uruke juu ya maji, kama watoto wanavyorusha vigae baharini. Mpira hudunda mara tatu, mara nne, hupanda ukingoni, na watu hushangilia kuliko wanavyoshangilia pigo la kweli. Tuliketi kando ya mzee mmoja, Mmarekani mweusi, mwenyeji wa mji wa Augusta, aliyenizidi umri kwa miaka kumi au zaidi. Mkwe wangu alipokwenda kununua maji, tukazungumza.

Akanambia mjomba wake alikuwa kedi pale. Zamani, akasema, mchezaji hakuruhusiwa kuja na kedi wake katika Masters. Ilikuwa lazima amchukue wa klabu, na makedi wa klabu wote walikuwa watu weusi wa mji huu. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1983, na wengi wao wakaikosa kazi hiyo ya wiki moja iliyokuwa ikiwalisha kwa miezi. Lakini wao ndio walioujua uwanja. Palipoonekana tambarare, wao walijua kuwa mpira utaelekea kijito. Alinitajia mjomba wake kwa jina lake, na jina la baba yake, na jina la utani alilojulikana nalo mtaani, na akanionyesha kwa kidole mahali alipokuwa akisimama. Hakulificha neno, wala hakulipamba.

Kisha akanikumbusha tarehe. Ilikuwa Aprili 8. Miaka minne kamili kabla ya siku hiyo, Lee Elder aliletwa katika shimo la kwanza kuyafungua mashindano pamoja na Jack Nicklaus na Gary Player. Lee Elder alianza akiwa mtoto wa kubeba mikoba, na mwaka 1975 akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza Masters. Klabu haikuwa na mwanachama mweusi hadi mwaka 1990, wala mwanamke hadi mwaka 2012. Siku ile ya 2021 Elder alikuwa mgonjwa, hakuweza kupiga mpira. Aliketi kitini, watu wakamsimamia. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo alifariki. "Nilimtazama katika televisheni," mzee akasema, "nikasema, mjomba, nawe umeitwa leo."

Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Na kwenu kuna gofu?"

Nikamwambia uko uwanja wa miaka mingi, Mombasa, juu ya bahari.

"Baba yako alicheza?"

"La," nikasema. "Alikuwa karani wa klabu."

Jamaa zangu, neno hilo lilitoka lenyewe, kama mhuri unavyogongwa na mkono uliozoea. Hapana aliyenilazimisha. Shangazi alikuwa kaburini. Mtu niliyekuwa nikimwambia alikuwa ametoka kunisomea nasaba ya mjomba wake mbeba mikoba, kwa fahari, katika uwanja ule ule alioubebea. Hapakuwa na mahali duniani ambapo ingekuwa rahisi zaidi kusema kweli. Mzee akaitikia kwa heshima, "Kazi nzuri hiyo," na mara mkwe wangu akarudi na maji, na mpira mwingine ukaruka juu ya ziwa, na watu wakashangilia. Nilitaka kumwambia yule mzee kuwa nimekosea. Nilikuwa bado napanga maneno aliposimama, akanipa mkono, akaenda zake polepole kupanda kilima.

Tulipokuwa njiani kurudi Atlanta, jua linatua mbele yetu, nilimsimulia mkwe wangu yote: babu, rehani, Kizingo, mikoba, shangazi, na uongo wa mchana ule. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilidhani atanifariji kwa maneno ya vijana, kuwa zama zimebadilika na hapana aibu katika kazi. Hakusema hivyo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema:

"Baba, yule kijana alikuwa anaitwa nani?"

"Kijana yupi?"

"Aliyekuwa akiubeba mkoba mzito."

Nikafungua kinywa kujibu, sikuona jina. Marehemu baba alinitajia jina hilo usiku ule. Alilitaja zaidi ya mara moja, nakumbuka sauti yake akilitaja, nakumbuka hata alivyotua baada ya kulitaja. Jina lenyewe limeniponyoka. Kwa miaka 34 kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya watu katika daftari, na sikupata kukosea jina la mtu aliyesimama mbele ya meza yangu. Asubuhi ile, baada ya sala, niliandika katika kitabu changu tarehe, na jina la baba, na neno Kizingo. Jina la mzalia sikuliandika. Wala sikulisahau kuliandika; niliona tu kuwa si la ukoo.

Kwa hiyo sasa nakiri makosa mawili. La kwanza ni la shangazi na langu: tulimvua baba kazi iliyoilisha nyumba, tukamvisha nyingine iliyotufaa sisi. La pili ni langu peke yangu, nalo ni kubwa zaidi, kwa sababu la kwanza linasahihishika kwa kalamu. Nasaba yetu ina majina ya wanaume wa vizazi tisa. Ina mashamba, ina majahazi, ina hata jina la punda mmoja aliyeshinda mbio za sikukuu. Watu wa uani, waliopika na kubeba na kulea, na mmoja wao akamshika mkono baba yetu wakati sisi tulipofunga mlango, hawamo hata mmoja. Nimeirudia methali ya shangazi mara nyingi tangu safari ile. Asili niliyoiacha ilikuwa uani kwetu.

Ofisini tulikuwa na kanuni: jina likikosekana, hutii mstari wala huandiki "hajulikani." Unaacha nafasi wazi, ili atakayelijua aje alijaze. Nimeufuta mstari wa zamani. Mpya unasomeka hivi:

"Tangu umri wa miaka 11 hadi 15 alibeba mikoba ya gofu Kizingo, pamoja na ...................., kijana wa nyumba yetu, aliyemfundisha kazi na kumbebea mzito. Kisha akawa karani wa bandari."

Wazee wangu mlio Mombasa, na nyinyi ambao bibi zenu walikaa Kibokoni miaka ya vita, ulizeni majumbani. Pengine wako wajukuu wake, wanaolijua jina hilo vizuri kuliko sisi, na ambao hawajui kuwa kuna mtu analitafuta. Atakayelipata aniandikie, usiku au mchana. Kama wajukuu wenyewe watausoma ukurasa huu, basi salamu zangu ziwafikie wao kwanza, na deni nimelitambua.

Wabillahi tawfiq.